Anayekusuta na Alete Maji

Mwanangu Atija,

Salamu niliyokupa mchana hukuiitikia. Ulipita na kanga begani, ukaenda kwa bibi yako bila kunitazama. Basi naianza upya hapa, maana karatasi haiwezi kunipita mlangoni: assalamu alaikum, mwanangu. Una hali gani na moyo huo?

Nimekaa jikoni juu ya mbuzi ya nazi, daftari la zamani la mdogo wako Momade liko magotini. Alasiri imeshaadhiniwa. Bibi yako hamwachii mtu anayesafiri mpaka ale mara mbili, kwa hiyo nina nafasi. Nikimaliza nitaiweka juu ya mto wako, uisome kabla hujalala.

Najua utashangaa, mama kaandika. Kireno changu kiliishia darasa la sita, wewe ukiwa tumboni, kwa hiyo nakuandikia kwa lugha hii hii ya magomvi yetu. Na naandika kwa sababu nikisema tutagombana tena. Neno likishatoka mdomoni kwangu siwezi kulifuta. Hapa nimefuta mengi, utaona mwenyewe palivyochafuka.

Habari za nauli, chandarua na nani atakupokea Pemba, huko kusini kwenye chuo cha wauguzi, sitaziandika. Shangazi yako amekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio. Chapa, lile basi dogo, linaondoka alfajiri, kama wanajeshi hawakuifunga njia ya kule Mute, na hilo nalo halimo mikononi mwetu. Mimi nataka kukuandikia habari ya lile koti jeupe la uuguzi nililolikuta leo chini ya kitanda, limekunjwa kama kitu kilichoibwa.

Nilikosea namna ya kukuuliza. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi, nikasema, "Koti limefuata nini huko chini?"

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Siendi, mama. Nafasi wampe Rabia wa jirani, yeye ana akili."

"Rabia akiona sindano anapanda kitandani na viatu."

Nilidhani utacheka. Siku zote ukitajiwa Rabia unacheka. Hukucheka. Uliiweka mikono yako mbele yangu, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kidonda, ukasema, "Mikono hii inaharibu. Mimi ndiye niliyemlisha Momade. Unataka niende kuwashika wagonjwa na mikono hii?"

Halafu ukatoka. Nami nikabaki na ufagio.

Atija, nimekaa na hayo maneno mawili tangu mchana. Moja nilikuwa silijui. Jingine ninalijua sana, kwa kuwa ni langu.

Nianze na lile nisilolijua. Wakati ule wa kukimbia vita ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ndugu yako alikuwa hajaacha ziwa vizuri. Tulitoka hapa Palma na tulivyovaa tukaelekea Quionga kwa miguu, tukikata mashambani, tukijificha mchana. Unga ulikwisha. Tukapata shamba ambalo wenyewe wamelikimbia, nikang'oa mhogo. Nilipoukata nikaulamba, nikajua ni mhogo mchungu, ule wenye sumu. Kila mwanamke wa huku anajua mhogo mchungu unataka nini. Unaumenya, unauloweka mpaka ulainike uvunjike wenyewe vidoleni, unauanika juani ukauke makopa, ndipo unautwanga. Hauna haraka, na mwenye haraka anaambiwa akale vya watu wengine.

Mimi niliuloweka usiku mmoja tu. Kuuanika sikuweza, tungeonekana. Kukaa tungoje ulainike sikuweza, watu tuliofuatana nao walikuwa wanaondoka. Ndugu yako alikuwa analia ile sauti ya njaa isiyo na machozi. Nikapika usiku, moto mdogo kama wa kuwashia sigara. Wewe ulichukua kipande, ukakiminya kwa vidole viwili, ukaniambia, "Mama, bado mgumu huu."

Nami nikakujibu, "Nyamaza. Wewe ndiye uliyenifundisha kupika?"

Ukanyamaza. Ukamlisha mdogo wako, kwa sababu nilikuambia umlishe.

Yaliyofuata unayajua. Alitapika mpaka hakubaki na cha kutapika, akalegea, macho yakawa hayamfuati mtu. Yule mama wa Mute aliyekuwa nasi akamdondoshea maji ya dafu kwa ncha ya kanga usiku kucha. Hospitali hapakuwa. Alfajiri mtoto akanikojolea kifuani, na mimi nikafurahi kwa mkojo ule kama niliyemwagiwa marashi, maana nilijua yu hai. Leo huyo yuko uwanjani anawapiga wenzake ngwara.

Miaka yote hii nilidhani chungu kile nakibeba peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili tumejitwika chungu kimoja, tunalala nyumba moja, hakuna aliyemwambia mwenziwe "nishike hapa". Nilikuwa nakuona ukimpulizia Momade chakula chake hadi leo, mtoto mkubwa vile, nikidhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, ndiyo. Lakini ni woga vilevile, na woga ule sikuuona, mimi ninayejisifu kwa wanawake wenzangu kwamba nakujua hata unavyokohoa.

Sasa lile neno la pili. "Mikono yako inaharibu." Hilo hukulizua wewe. Hilo ni la mdomo huu.

Tuliporudi Palma, nyumba haina bati, nilikuwa siwezi kupika. Hukumbuki kwamba wewe ndiye uliyekuwa unapika? Watu walidhani mama Atija amepata mtoto hodari. Ukweli ni kwamba nikikamata mwiko nilikuwa nasikia mtu anasema nami kichwani. Anasema, haya, wapikie tena, umalize na aliyebaki. Unajiita mama? Hata mbuzi anajua jani lipi halili. Alikuwa anakuja nikichota maji, nikisuka nywele, mpaka kwenye sijda, Mungu anisamehe, paji la uso liko chini na yeye anasema. Mtoto alikwisha pona, anakimbia, anaiba sukari. Yeye hakuona kama mtoto amepona.

Na mtu anayetukanwa ndani mchana kutwa, mwanangu, hukosa pa kuyaweka yale matusi. Mimi niliyaweka kwako. Ukimwaga maji, "mikono yako inaharibu". Ugali ukishika chini, "mikono yako inaharibu". Siku ulipovunja ile bakuli ya kauri ya bibi yako nilikupiga kwa ajili ya bakuli, na nilikupiga kwa ajili ya kitu kingine ambacho hukukivunja wewe. Kwa hiyo leo ulipoinua viganja vyako nikasikia sauti yangu inatoka kinywani mwako, na lafudhi yangu, na hasira yangu ya jikoni. Yule anayesema nawe kichwani, umetazama vizuri amevaa kanga ya nani?

Siandiki haya ili unionee huruma. Naandika kwa kuwa nilipata namna ya kuishi na yule mtu, nami kwa uzembe sikukupa. Nilidhani wewe huna wako.

Bi Awaje wa Quionga unamjua kama bibi mwenye mdomo mchafu anayefukuza kuku wa watu. Kwangu ni kungwi wangu. Ndiye aliyenicheza unyago, na nawe ulipita kwenye mikono ya mwanafunzi wake, kwa hiyo unajua mwali anavyofanywa. Anasutwa. Anaimbiwa uvivu wake, uchoyo wake, anavyotembea, mpaka na pua yake. Mimi nilisutwa mpaka mama yangu akalia nje ya ua. Lakini kuna sharti moja ambalo Bi Awaje hajalivunja hata mara moja. Kungwi aliyekusuta, yeye mwenyewe na si mtu mwingine, ndiye anayekuogesha jioni yake. Anaanza na mikono. Anakusugua vumbi, anakupaka mafuta, anasaga kijiti cha msiro jiweni anakupaka usoni ung'ae, anakulisha kwa mkono wake. Mwali haachwi alale na matusi mwilini. Kwake Bi Awaje, kungwi anayesuta akaenda zake si kungwi, ni mgomvi tu aliyepita njiani.

Basi mwaka mmoja baada ya kurudi nilikwenda kumpelekea sukari. Hata kukaa sijakaa.

"Umekonda," akaniambia, "kanga inakuzunguka inatafuta mtu. Mume amekufanya nini?"

"Mume yuko Mtwara na biashara zake, hajanifanya kitu."

"Basi tatizo ndilo hilo."

Nikacheka kidogo, kisha nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kulinishinda kuzuia. Nikamwambia habari ya mhogo. Nikamwambia mimi ni muuaji, ila Mungu tu alichelewesha.

"Nani kakuambia?"

"Moyo unaniambia."

"Moyo gani huo wenye mdomo mrefu hivyo? Ingia bafuni."

"Bi Awaje, mimi mtu mzima, nina watoto wawili."

"Nilikuona huna hata mmoja na huna hata matiti. Vua, maji yanapoa."

Akaniogesha, Atija. Mimi mwanamke wa karibu miaka thelathini naogeshwa na bibi anayetembea kwa kushika ukuta. Akaanza na mikono. Na huku ananisugua ananiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa. Uliloweka muda gani? Usiku mmoja. Kwa nini usingoje? Wenzetu walikuwa wanaondoka. Kwa nini usianike? Tungeonekana. Mtoto alikuwa na hali gani? Njaa.

"Haya," akasema. "Mhogo haukulowa vya kutosha kwa sababu mlikuwa mnajificha na mtoto ana njaa. Hilo ndilo lililotokea. Ulikosea, na utakosea tena, hujafa. Hayo mengine unayoniambia, muuaji sijui nini, hayo ni kusutwa. Mimi nimesuta watoto wa watu tangu sina mvi. Huyo wa kichwani mwako amekusuta miaka, sivyo? Siku gani amekuogesha?"

Nikasema hata siku moja.

"Basi si kungwi. Muulize maji yako wapi. Na geuka, mgongo wako una ukoko kama chungu cha wali."

Ndiyo hilo tu. Sikupona siku ile. Nilirudi nyumbani na yule mtu akanifuata, tena kwa chapa lile lile. Lakini tangu hapo akianza, huwa namuuliza: umekuja na maji? Wakati mwingine nashangaa, amekuja nayo. Akisema, "Atija ana homa na wewe umelala, amka umtazame," hayo ni maji, naamka. Akisema, "Mama gani wewe," hapo hakuna hata kikombe. Sasa simfukuzi. Zamani nilikuwa namfukuza na yeye anarudi na wenzake. Namwacha akae pale mlangoni, namwambia haya nimekusikia, nami mwenyewe nakwenda kuchota. Kweli kweli, naosha mikono. Na huku naosha najiambia kilichotokea, kilichotokea tu, kama ningemwambia Bi Awaje.

Mwezi uliopita niliangusha sinia zima la vitumbua kwenye mchanga, mbele ya vijana wa pikipiki. Umbea huo ulikufikia, najua. Yule mtu akaja upesi kuliko nzi. Mikono hiyo, mikono hiyo. Nikaenda bombani nikaosha mikono, nikasema, "Sinia lilikuwa la moto, sikushika kitambaa." Kijana mmoja akawaambia wenziwe, "Mama Atija anazungumza na bomba." Mwingine akasema, "Mwache, bomba lenyewe lina subira kuliko mke wa huyu Assane." Nikacheka nao. Kesho yake nikashika kitambaa.

Na kuna siku sifanikiwi. Wiki hii hii nilikaa gizani, nikijiambia mtoto anaondoka hujampa chochote ila makofi. Sikuosha mikono, sikuuliza kitu, nilimsikiliza mpaka akachoka. Nakuambia usije ukadhani mama yako amekuwa walii. Ni kwamba sasa ninajua pa kurudi.

Sasa tuzungumze habari ya usiku ule, kama alivyoizungumza Bi Awaje, na mimi ndiye ninayekusugua.

Nani aliyeng'oa mhogo? Mimi. Nani aliyeloweka, akapika? Mimi. Nani aliyesema "mlishe"? Mimi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulimtii mama yako gizani, watu wazima wote wana woga. Mkono uliolisha ni wako, hilo silipingi, nikipinga utasema mama ananidanganya. Lakini Atija, kabla ya kumlisha vidole vyako viliminya kile kipande. Katika watu wote waliokuwa pale, wenye njaa na wenye akili, wewe peke yako ndiye uliyejua kwa kugusa kwamba bado mgumu, na ukasema. Niliyeharibu ni mimi niliyekunyamazisha. Ile mikono unayoniambia inaharibu ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Ningekuwa mgonjwa, mtu aliyegusa akajua bado ndiye ningependa anishike.

Jina lako tuliliona ubaoni, kwenye orodha ya waliopata chuo, na ukasema wamekosea kuandika. Nilikuambia usiwe mjinga. Hilo nalo lilikuwa tusi bila maji, samahani. Ningekuuliza tu, "Unaogopa nini?" Ungeniambia tangu siku ile, na koti lisingefika chini ya kitanda.

Kama utakwenda, huko utakosea. Utachoma sindano pasipotakiwa, utasahau jina la dawa, mwalimu atakufokea mbele ya wenzako. Akisema, "Mshipa uko hapa, tazama tena," mshukuru, huyo kaja na ndoo. Akisema wewe hufai, basi kumbuka kwamba kuna bibi Quionga angemfukuza pamoja na kuku. Na usiku, chumbani, ukiwa peke yako na yule wa kwako akakujia na sauti yangu, usimpige. Ni mimi yule, mimi wa wakati ule, mwenye kukosa usingizi siku nyingi na chungu kichwani. Mwambie, "Mama, nimekusikia. Maji yako wapi?" Ukiona hana, chota mwenyewe. Ujioshe polepole kama unavyomwosha mtoto wa mtu.

Sikuandikii haya ili kesho upande chapa. Naogopa usipopanda, sikufichi. Nafasi hiyo wataipa mwingine, nami nimekuota katika koti lile mara nyingi kuliko nilivyoiota harusi yako. Lakini nikikusukuma kwa maneno mazuri nitakuwa nimekupiga kwa mkono laini, ni kupiga vile vile.

Koti nimelitoa chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi, nimelifua, liko kambani nyuma ya nyumba. Kwa upepo huu litakauka kabla ya alfajiri. Kwenye begi sijalirudisha, na sitalirudisha. Utalitoa kambani wewe, au utaliacha hapo.

Ila kuna jambo moja ambalo sikuombi ruhusa. Nimekusuta miaka mingi, mwanangu, na sikumbuki siku niliyofanya lile linalofuata. Kuni nimekwisha zipanga. Msiro umo jiweni, umelowekwa. Kabla ya adhana ya alfajiri nitakugongea, nawe utasema mama, mimi mtu mzima. Utakuja hivyo hivyo bafuni, utakaa juu ya kigoda.

Nitaanza na mikono.

Mama yako